Tarakilishi Ikijizima, Tusimtafute Mchawi

Naomba mnitegee sikio kwa dakika chache, kwa maana jambo ninalotaka kulizungumzia limewakaa rohoni wengi humu shuleni, ila hakuna aliyethubutu kulitoa nje. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi leo nimeamua kuyafichua.

Nazungumzia ile tarakilishi nambari saba. Kwa wageni wetu na walimu wa idara nyingine ambao hawaifahamu, nambari saba ni ile iliyo kwenye kona ya maabara, karibu na dirisha linalotazama barabara ya vumbi. Muhula wa pili, mashine hii ilizuka na tabia ya kujizima. Uko hapo unaandika, unapanga jedwali lako vizuri, mara pu! Skrini nyeusi tititi, kazi yote imekwenda na maji. Ukiiwasha inaamka kama kawaida, mithili ya mtu aliyejisingizia kuzirai. Unashukuru Mungu, unaanza upya, na baada ya muda, pu! tena.

Basi mnatujua sisi binadamu. Kila mtu alikuwa na jibu lake. "Hiyo ni virusi bana," walisema wale wa nyuma. "Stima ya hapa haina nguvu," wakasema wa mbele. Kuna hata mmoja aliyenong'ona kwamba ile kona ina mambo, eti hata zamani palipokuwa stoo vitu vilikuwa vikipotea. Tukacheka, lakini baadhi yetu tulianza kuikwepa ile kona.

Kisha likatajwa jina la mtu. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne, ambaye sitamtaja, alikuwa ameonekana akichomeka flashi yake katika nambari saba. Alikuwa akishughulikia mradi wake wa KCSE, ile karatasi ya tatu ya somo la Tarakilishi, 451/3. Siku mbili baada ya hapo mashine ikaanza vituko vyake. Ushahidi gani tena uliohitajika? Kaka wa watu akafungiwa mlango wa maabara kwa wiki mbili, na akaonyeshwa kisiki cha mkaratusi kule nyuma ya jikoni aking'oe. Wiki mbili nzima, wenzangu, katika muhula ambao mradi unatakiwa ukamilike!

Na je, ni nani aliyelipeleka jina lake kwa mwalimu? Ni mimi. Mimi ndiye kiranja wa maabara, na ndiyo maana kalamu hii iko mikononi mwangu leo.

Maoni yangu ni haya, na ninayasema bila kupepesa macho. Tarakilishi inayojizima ni mgonjwa anayeeleza dalili zake. Kazi yetu ni kusikiliza, kuandika na kupima, kabla ya kumnyoshea mtu kidole na kabla ya kutoa hata ndururu moja ya shule. Tukikosa kufanya hivyo tutawaonea wenzetu, tutaibiwa mchana peupe, na tutazika mashine zingali hai.

Nasema tutaibiwa kwa sababu baada ya kisiki alikuja fundi kutoka mjini. Alikaa na nambari saba dakika tano hivi. Hakuifungua. Aliiwasha, akaitazama, akatikisa kichwa kama daktari aliyeona ugonjwa wa mwisho, akasema, "Mwalimu, hii madabodi imekwisha." Akaandika 18,000 kwenye kikaratasi. Madabodi, kwa wasiofahamu, ni ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba viungo vyote vya mashine. Nilisimama pale mlangoni nikajiuliza, huyu amejuaje? Ikiwa daktari atakuambia moyo wako umeoza kabla ya kukugusa hata mkono, utamwamini?

Siwatii mafundi wote katika kapu moja, la hasha! Aliyenifungua macho ni fundi pia. Likizo ilipofika nilimtembelea mjomba wangu, ambaye hutengeneza redio na runinga katika kibanda chake sokoni. Nilimsimulia kisa chote. Aliniuliza maswali matatu tu. "Inazima saa ngapi? Inazima ukifanya nini? Na ukiiwasha tena inakaa muda gani?" Nikabaki mdomo wazi. Muhula mzima tuliilaani mashine ile na hakuna hata mmoja wetu aliyetazama saa.

"Basi mpwa wangu," mjomba akasema, "hamjui ugonjwa, mnajua kelele tu. Nenda uandike. Na ukianza kubadilisha vitu, badilisha kimoja kimoja. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na ipone, hutajua ni kipi kilichoiponya."

Maneno hayo niliyatia kikapuni mwangu. Shule ilipofunguliwa nilimwomba mwalimu wetu wa somo la Tarakilishi ruhusa, naye kwa hisani yake akakubali, kwa sharti kwamba tungefanya kila kitu akiwa karibu. Tulikuwa watatu. Tulinunua daftari la kurasa 32, tukalifunga kwa kamba kwenye meza ya nambari saba, tukaanza. Siku ya kwanza daftari lilisema hivi: yawashwa saa 2:05 asubuhi, yajizima saa 2:43, madirisha wazi. Yawashwa saa 8:10 mchana, yajizima saa 8:24, wanafunzi 40 ndani. Yawashwa tena saa 8:26, yajizima saa 8:30.

Hebu itazame mistari hiyo mitatu, msomaji. Asubuhi kuna baridi, mashine inadumu dakika 38. Mchana kuna joto na chumba kimejaa, inadumu 14. Ikiwashwa tena kabla haijapoa, inadumu 4 tu. Dalili ya mvua ni mawingu. Je, kirusi kinajua kwamba sasa ni mchana? Je, jini la kona hukimbia baridi ya asubuhi? Kitu kinachofupisha muda kadiri chumba kinavyopata joto, na kuufupisha zaidi mashine isipopumzishwa, ni joto lenyewe.

Hata hivyo hatukutaka kufanya yale yale ya fundi, kutoa hukumu kabla ya kupima. Tulianza na stima. Waya wa nambari saba tuliuchomeka kwenye soketi ya nambari nane. Ikajizima vile vile. Nambari nane nayo tukaipeleka kwenye soketi ya nambari saba, ikafanya kazi alasiri nzima bila kupepesa. Kwa hivyo soketi haikuwa na kosa. Tukabadilisha waya wenyewe. Mambo yakawa yale yale, na waya ukaondolewa lawama.

Kisha tukaja kwa kirusi, na hapa ndipo ninapotaka kila mtu asome polepole. Kirusi cha kawaida ni programu. Kinakaa katika diski, na hakiwezi kufanya lolote mpaka Windows iamke na kukiendesha. Lakini kila tarakilishi ina ukurasa wake wa mipangilio, mafundi huuita Bayosi, ambao hufunguka ukibonyeza kitufe kama F2 au Delete mara tu unapoiwasha, kabla Windows haijaamka. Tuliifungua Bayosi tukaiacha hapo hapo. Hakuna Windows, hakuna flashi, hakuna faili ya mtu yeyote. Ikiwa mashine itajizima hata hapo, basi kosa liko kwenye mwili wake wala si kwenye programu.

Katika nambari saba, Bayosi huonyesha pia joto la prosesa, yaani ule ubongo wa mashine. Tulikaa tukiandika kila baada ya dakika tano. Nyuzijoto 61. Nyuzijoto 74. Nyuzijoto 86. Nyuzijoto 95. Mwenzangu alikuwa ameshika kalamu akingoja kuandika nambari ya tano, mara pu! Giza.

Tulitazamana. Hakuna aliyesema neno. Nafikiri sote watatu tulikuwa tunakiona kile kisiki.

Ni vyema kueleza kwa nini mashine hufanya hivyo, maana wengi hudhani kujizima ndiko ugonjwa wenyewe. La! Kujizima ni kinga. Prosesa nyingi za siku hizi, joto likikaribia nyuzi 100, kwanza hujipunguzia kasi ili zipoe. Joto likizidi kupanda, mashine hukata umeme yenyewe kabla ubongo haujaungua. Kwa hivyo ile pu! iliyotuudhi ilikuwa mashine ikijiokoa, na sisi tulikuwa tukiilazimisha iamke tena na tena.

Tulichomoa waya ukutani, tukaibeba mashine nje chini ya mwembe, tukafungua ubavu wake kwa bisibisi. Lo! Juu ya prosesa hukaa kipande cha alumini chenye mapezi membamba, na juu yake feni inayopuliza hewa ipite kati ya mapezi hayo ili joto litoke. Kati ya feni na mapezi tulikuta blanketi. Vumbi la barabara, unga wa chaki, nywele, na nyuzi za sufi za rangi ya waridi na kijani. Feni ilikuwa ikizunguka, ndiyo, lakini hewa haikuwa na pa kupita.

Mnazikumbuka nyuzi hizo za waridi na kijani? Ni zile za vitambaa vyetu! Vile vitambaa vya kufuma tulivyotandika juu ya kila mashine mwaka jana ili maabara ipendeze siku ya wageni. Vilining'inia nyuma, vikaziba matundu ya kutolea hewa, na vikapukutisha nyuzi zake ndani. Nyumbani kitambaa juu ya kochi ni pambo, sibishi. Juu ya tarakilishi iliyowashwa ni sawa na kumvika mtu blanketi wakati wa jua la utosi kisha umuulize mbona anazirai.

Tulisafisha kwa brashi laini kutoka idara ya Sanaa. Tulipangusa dawa kuukuu ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka kama ugali wa jana, tukapaka mpya ambayo mwalimu aliinunua kwa shilingi 250. Tukafunga, tukaiwasha, tukaifungua ile Bayosi. Joto likapanda hadi nyuzi 54 likakaa hapo hapo kama lililopigiliwa msumari. Tukaiacha toka baada ya chakula cha mchana hadi saa ya kujisomea usiku. Haikujizima. Na hadi ninapoandika makala haya haijajizima tena. Shilingi 250, na fundi alitaka 18,000.

Sasa, nisije nikafanya kosa la kusema kwamba kila mashine inayojizima ina vumbi. Hilo nalo litakuwa ni kumtafuta mchawi mwingine. Kila ugonjwa una sauti yake, na nitataja machache ambayo kila mwanafunzi anaweza kuyatambua.

Kama mashine inazima sekunde chache tu baada ya kuwashwa, kila mara, hebu tazama kile kitufe cha kuwashia. Tarakilishi za mezani zimeundwa hivi kwamba ukikishikilia kitufe hicho kwa takriban sekunde nne, zinazima. Kitufe kikikwama ndani kwa sababu ya uchafu, mashine hudhani kuna mtu anayekibonyeza bila kukiachilia. Nimeona mtu akitaka kuitupa mashine kwa sababu ya kitufe!

Kama inazima pale tu inapopewa kazi nzito, kama vile kuonyesha video au kufungua programu kubwa, huenda joto ndilo lenye kosa, lakini huenda pia ni pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachopokea stima ya volti 240 na kuigawa vipande vidogo. Waya wa manjano wa kisanduku hicho hutoa volti 12, ule mwekundu 5, na ule wa rangi ya chungwa 3.3. Mita zetu za maabara ya Fizikia zinatosha kabisa kupima, mwalimu akiwa karibu. Kiwango cha volti 12 kinaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6. Kikishuka chini ya hapo mashine ikiwa kazini, basi kisanduku kimechoka, na kisanduku hubadilishwa peke yake bila kugusa madabodi.

Kama haizimi kabisa bali inajiwasha upya, na unaona skrini ya buluu yenye maandishi, shuku kumbukumbu, zile ramu. Chomoa moja, uache nyingine, ujaribu, kisha ubadilishane. Mara nyingi kuzitoa tu na kuzirudisha vizuri mahali pake kunatosha, kwa sababu zilikuwa zimelegea. Windows yenyewe ina kipimo chake cha kukagua kumbukumbu, hakitozi hata senti.

Halafu kuna hili jambo la wale wajuaji wanaofungua kumbukumbu za matukio ndani ya Windows, wanaona Kernel-Power 41, wanapiga kelele, "Nimepata! Ni pawa!" Pole sana, ndugu yangu. Ujumbe huo unasema tu kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu wakati uliopita. Hausemi sababu. Ni kama cheti kinachosema mgonjwa alianguka, bila kueleza aliangushwa na nini.

Na ukifungua ubavu, tazama vile vipipa vidogo vilivyosimama juu ya madabodi. Vinaitwa kapasita. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa. Kikiwa kimefura kama chapati iliyojaa hewa, au kimetoa uchafu wa kahawia, hapo sasa ndipo utamwelewa fundi akikuambia madabodi ina shida, kwa sababu ameweza kukuonyesha. Jambo hili si dogo. Mwaka wa 2005 kampuni ya Dell ya Marekani ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kutengeneza tarakilishi zake za OptiPlex zilizokuwa na kapasita mbovu. Kumbe hata wakubwa wanaponzwa na kitu kisichozidi ncha ya kidole!

Kutafuta kwa macho badala ya kwa hasira si jambo geni katika historia ya tarakilishi. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, wataalamu waliokuwa wakiendesha tarakilishi kubwa iliyoitwa Mark II waliona haifanyi kazi sawasawa. Wakaikagua, na ndani ya moja ya swichi zake wakamkuta nondo amenaswa. Nondo, yule mdudu anayezunguka taa usiku! Walimtoa wakambandika kwa utepe kwenye daftari la mashine na kuandika kisa chake. Grace Hopper, mmoja wa waliokuwa katika kundi hilo, alipenda sana kukisimulia. Daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington. Jambo linalonigusa si nondo. Ni kwamba walikuwa na daftari.

Najua wapo watakaonipinga, na wana haki yao. Watasema wanafunzi wakiruhusiwa kufungua mashine wataziharibu, au watachezea stima na wafe. Hoja hiyo ina uzito na siibezi. Kwa hivyo niseme waziwazi mahali pa kukomea. Kile kisanduku cha pawa saplai kisifunguliwe kamwe na mwanafunzi, hata kama kimechomolewa, kwa sababu kapasita za ndani yake huweza kubaki na volti zaidi ya 300 kwa muda. Kazi hiyo ni ya fundi aliyehitimu. Betri ya kipakatalishi iliyofura isidungwe wala kubonyezwa, inaweza kulipuka moto. Mashine isifunguliwe kabla ya waya kuchomolewa ukutani, na kabla ya kugusa kitu chochote cha ndani mtu aguse kwanza chuma cha fremu ili umeme tuli wa mwilini umtoke. Na pasiwe na kufungua bila mwalimu.

Lakini zaidi ya hapo, hofu isitufanye tuwe watazamaji wa mali yetu wenyewe. Katika Kemia tunakabidhiwa asidi. Katika Biolojia tunapasua panya. Iweje katika somo la Tarakilishi tuchore sehemu za mashine ubaoni, tuzikariri, tupate alama, na tusiwahi kuushika hata msumari mmoja wake? Huko ni kusomea kuogelea juu ya kitanda.

Wengine watasema, "Si tununue mpya tu?" Kwa pesa zipi? Na hiyo kuukuu itaenda wapi? Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka wa 2022 dunia ilitoa takriban tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na ni chini ya robo yake iliyothibitishwa kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Nambari saba ilikuwa njiani kujiunga na rundo hilo kwa sababu ya nyuzi za kitambaa.

Kwa hivyo nina mapendekezo manne, na ninaomba usimamizi wa shule uyatafakari.

Kwanza, kila tarakilishi iwe na daftari lake. Ikizima, anayeitumia aandike saa, alichokuwa akifanya, na kilichoonekana kwenye skrini. Basi. Mistari miwili. Asiyejua kuandika lugha ya mafundi aandike Kiswahili chake cha kawaida. "Imezima nikiandika barua" inatosha.

Pili, vitambaa viondolewe leo. Mashine zifunikwe usiku tu, zikiwa zimezimwa na zimepoa. Na mara moja kila muhula tuzitoe nje tuzipige brashi, kama tunavyopiga deki mabweni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, fundi yeyote anayekuja aulizwe maswali matatu: Umepima nini? Umeona nini? Tuonyeshe. Fundi wa kweli hatakasirika. Mjomba wangu hufurahi sana akiulizwa, mpaka unamhurumia mteja aliyeuliza maana atakaa pale saa nzima akielezwa.

Nne, na hili ndilo lililonitoa usingizini, asiadhibiwe mwanafunzi yeyote kwa sababu ya mashine kabla mashine yenyewe haijapimwa. Kipimo cha Bayosi hakikuchukua hata nusu saa. Kisiki kilichukua siku tisa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yule kaka wa Kidato cha Nne alirudi maabarani baada ya wiki zake mbili, akakaa mashine ya mwisho, akaumalizia mradi wake kwa kukimbizana na kengele. Alipotuona tumeifungua nambari saba chini ya mwembe alisimama kidogo akatazama lile blanketi la vumbi. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Kwa hivyo ilikuwa hiyo?" Nikasema, "Ndiyo, ilikuwa hiyo." Akaenda zake darasani. Nilitaka kumwita nikashindwa, ulimi ukawa mzito kama uliofungwa jiwe.

Nimemwendea baadaye na kumwomba msamaha ana kwa ana, na alinipa mkono. Lakini jina lake nililitaja mbele ya mwalimu na wanafunzi wote wakalisikia gwarideni, na msamaha wa faraghani hausafishi jina lililochafuliwa hadharani. Ndiyo maana ninaandika hapa, mahali ambapo kila mtu atasoma: hakuleta kirusi. Hakuharibu kitu. Sisi ndio tuliokosea, na mimi nikiwa wa kwanza.

Kisiki kimekwisha kung'olewa, na shimo lake lingali pale nyuma ya jikoni, mvua ikinyesha linajaa maji. Kila nikipita na sahani yangu ya githeri ninalitazama. Ninawaomba, wenzangu, siku tarakilishi nyingine itakapojizima, tufungue daftari kwanza.

Wakatabahu,
Kiranja wa Maabara ya Tarakilishi, Kidato cha Tatu